Hesabu ya Kutoa

Hesabu ya kutoa, Aikande hakujifunzia shuleni.
Alijifunzia kifuani kwangu.

Mia mbili, kimeandikwa kikopo,
kwa herufi ndogo kuliko sisimizi.
Akabandika plasta nyeupe ubavuni mwa pampu,
na kila nikibonyeza anakata namba, anaandika mpya:
mia moja tisini na nane.
Mia moja tisini na sita.
Siku ya belo la makoti, mia moja themanini na nane,
siku moja tu hiyo, na jua lilikuwa halijatua.

Maana belo likikatwa kamba
halifunguki, linapumua.
Linatoa vumbi la makabati ya watu nisiowajua,
manyoya ya paka wa ng'ambo,
dawa ya nondo.
Wenzangu wa Kiborloni wanaligombea kwa viwiko,
mimi nimerudi nyuma, kiganja kifuani,
nachagua kwa macho.

Watu hudhani pumu ni kukosa hewa ya kuingiza.
Si hivyo.
Hewa ipo. Imejaa, imekaa
kama mgeni wa msibani asiyejua matanga yameshaanuliwa.
Ni kutoa ndiko kunakonishinda.
Mlango umebaki upana wa tundu la sindano
na filimbi inalia humo,
filimbi isiyo na refa.

Ndipo natikisa. Natoa kwanza kile kidogo kinachotoka.
Nabonyeza, navuta polepole, nafunga mdomo.
Aikande anahesabu vidole hadi kumi
naye kabana pumzi, ananisindikiza.
Ladha ya bati. Ubaridi kooni.
Kisha huko ndani vyumba vinafunguliwa,
kimoja, kingine,
kama wapangaji wanaogongewa alfajiri na mwenye nyumba.
Mikono inaanza kutetemeka.
Moyo unakimbia kama umeitwa.
Uzi haupiti tena kwenye sindano;
mteja wa kifungo akae, asubiri.

Wifi yangu Ndelilio alisema mbele za watu:
"Hicho kidude ukikizoea hukiachi.
Pampu ni ya wanaoaga."
Mwaka mzima nikakificha kwenye sidiria.
Nilijifungia chooni kwenda kupumua
kama mtu anayeiba.

Daktari wa Mawenzi aliandika mbili:
ya bluu, ya kuokoa;
ya kahawia, asubuhi na jioni,
kila siku, hata ukiwa mzima.
Hata nikiwa mzima!
Nilimtazama. Nani Moshi hii
hununua mwavuli wa kiangazi
na kodi ya nyumba hajalipa?
Nilinunua ya bluu.

Mlima ukijifunua, wageni wanapita
na mabuti yao, na fimbo mbili mbili.
Wamelipa dola wakaitafute hewa haba.
Ningewauzia yangu,
hapahapa chini, bila mpagazi.

Jumapili mchungaji alihubiri:
kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.
Aikande akaninong'oneza, kapu la sadaka likiwa safu ya mbele,
"Mama, kutoa ni mapafu."
Nilicheka hadi nikakohoa,
nikakohoa hadi wazee wa kanisa wakageuka.
Mia na kumi na mbili.

Jana plasta ilisema kumi na nne.
Ukungu wa mwezi wa saba ulishuka hadi kwenye bati,
na jirani alichoma taka, ukungu ukaushika moshi, haukuuachia.
Usiku nikabonyeza mara mbili.
Nikangoja. Nikabonyeza mbili tena.
Alikuwa macho, nilimsikia akiwa macho.

Asubuhi naitazama plasta: kumi na nne.
"Umesahau kutoa," nikamwambia.
Hakujibu. Alikuwa anafunga kamba za viatu vya shule,
fundo, kisha fundo juu ya fundo.

Nikachukua kalamu mwenyewe.
Kumi.
Sufuri ilitoka kubwa, imepinda,
imeachama kama mdomo.